Majembe Mawili ya Mama Mkwe

Swahiba, nimeumbuka. Nimo ndani ya basi, uso sina.

Nilimwambia mama mkwe bosi amenibania likizo, ndiyo maana nimepita kwake mara moja tu. Kumbe siku zote za likizo nimezimalizia jijini, nazubaa madukani. Mama alishaweka majembe mawili mlangoni, tukapalilie kaburi la marehemu mke wangu.

Akamlaani bosi weee. "Hana utu huyo."

Simu ikaita. Masikio yangu unayajua, nikaweka spika. Bosi: "Fundi, zile siku nilizokuongezea zimetosha?"

Zimetosha! Mbele ya mama!

Hawa wakubwa mwaka mzima hawakujulii hali, leo ndiyo apige.

Mama akarudisha jembe moja ndani. "Wahi basi, baba. Bosi wako mtu mwema."