Mkono Kwenye Swichi

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Salamu zako zimefika hapa Michenzani. Mama yako hajambo, na babu yako bado anazilalamikia ngazi za ghorofa letu.

Umeuliza kama nami niliwahi kuiogopa kompyuta. We! Niliogopa sana.

Nilikuwa msichana, nafanya kazi ofisi moja Mji Mkongwe, tukiingiza majina ya watoto waliozaliwa. Adhuhuri moja wenzangu walikwenda kusali. Mimi siku ile nilikuwa sisali. Nikaandika jina la mtoto, skrini ikalikataa, ikatoa namba ya kosa tu. Nikarudia, namba ile ile. Nikajua nshawafuta watoto wa Unguja nzima.

Mkuu wetu, Bwana Haji, akasikia ukelele wangu, akaja mbio, mkono ushafika kwenye swichi ya umeme wa ofisi nzima.

"Nnaizima!"

"Subiri, bwana, niiulize kwanza."

Nikaandika neno la kuomba msaada na ile namba, kama tulivyofundishwa. Ikajibu kwa Kiingereza: sajili imeshikwa na mtu mwengine, asubiriwe amalize.

Tukageuka. Kompyuta ya mwenzetu, Bi Zuhura, ilikuwa wazi. Adhana ilipolia aliondoka, kazi akaiacha katikati.

Akarudi, kanga ya kusalia begani. "Mbona mmekauka hivyo?" Akabonyeza kitufe, na jina la mtoto nililokuwa naliandika likaingia. Watoto wote walikuwemo; lau Bwana Haji angezima, kazi ile ikiwa katikati, sajili yote ingeliharibika.

Namba zile sikuziogopa tena, mjukuu wangu. Mpaka leo ninachokiogopa ni ule mkono kwenye swichi.

Bibi yako