Pua ya Kigari cha Mngoni

Njinjo, Jumapili. Mvua ya masika haijakata tangu alfajiri, matope yanashika miguu, na moyo wangu mzito kama gunia lililolowa.

Mwalimu wa ngumbaru, darasa letu la watu wazima, anatuambia tuandike kila siku yaliyotupata, hata kama ni ugali tu. Herufi zangu bado zinatambaa kama kaa, lakini leo ninalo la kuandika. Laiti lingekuwa ugali.

Leo tumeanua matanga ya Somoe, binti wa Zuberi.

Zuberi ni fundi wetu wa baiskeli na pikipiki. Yeye Mngoni, mimi Mmatumbi, kwa hiyo ni mtani wangu, na hana ruhusa ya kunikasirikia mpaka mmoja wetu afukiwe. Tangu aje kuoa hapa namwita mtumwa wangu, naye ananiita hivyo hivyo, na hatujawahi kukubaliana nani alimteka nani.

Kiangazi kilichopita aliunda kigari. Injini ya pikipiki iliyomfia bwana shamba, fremu ya mabomba, kiti cha nyuma cha kamba kama kitanda. Mwenyekiti wa kijiji alikipenda kuliko wake zake. Kila mgeni wa wilaya alipelekwa kukitazama: hii ndiyo kujitegemea! Tulipotolewa kwenye mikorosho yetu tukapangwa kando ya barabara, tuliambiwa huduma zitatufuata. Barabara tunaiona. Huduma nadhani zimekwama mahali, zinasubiri kusukumwa.

Kigari kilikuwa na ugonjwa mmoja. Kikipanda kilima, pumzi zinakwisha. Injini ilikuwa imefunikwa chini ya kiti, inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Zuberi akasema injini ni kama mtu anayelima jua la utosi, mpe hewa ya baridi uone. Akakunja bati la debe likawa bomba, akalitoa kwenye kabureta mpaka mbele kabisa, mdomo akauelekeza chini, shibiri moja toka ardhini. Sote tunajua ubaridi hulala chini. Ndiyo maana wakati wa joto tunaacha vitanda tunatandika mikeka sakafuni. Mdomoni akavalisha kifumbu cha mkewe cha kuchujia tui, ndani kimejaa usumba wa nazi uliolowekwa oili, ushike vumbi. Mkewe akabaki anakamua nazi kwa vidole huku anamtukana.

Watoto wakaliita bomba lile pua.

Kikapanda kilima kama mbuzi. Nilikuwemo, nikapiga vigelegele kama mwanamke.

Lakini kilikuwa kiangazi. Kijito cha njia ya hospitali kilikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanalala katikati. Nani angefikiria maji?

Alhamisi Somoe alishikwa na uchungu, mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Mkunga akasema hapa mimi sina langu, mpelekeni hospitali. Zuberi akampakia mwanawe. Mimi na mkwewe, mume wa Somoe, tukawa tunasukuma kwenye matope. Kijitoni maji yalifika magotini. Kigari kikaingia vizuri tu. Katikati pua ikazama, injini ikanywa maji kama ng'ombe, ikakata.

Zuberi alipiga kiki mpaka mguu ukavimba. Tulimbeba Somoe kwa kile kiti cha kamba, mabegani, mvua inatupiga usoni.

Hatukufika.

Mtoto naye hakuuona mwanga.

Makaburini nilifanya kazi yangu. Mtani asipotania kwenye msiba, huyo si mtani, ni mpita njia. Nikashuka kaburini, nikajilaza kwenye udongo wa maji, nikasema sitoki mpaka Mngoni anipikie wali kwa mkono wake. Wanaume wakacheka, wengine huku wanafuta macho. Zuberi hakucheka. Aliinama akaniambia taratibu, "Toka, mtani. Mwanangu analowa."

Nikatoka. Katika utani wangu wote, hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

Leo watu wamekwisha kutawanyika, mikeka imekunjwa, nikasikia nyundo nyuma ya nyumba yake. Kigari tulikwisha kukivuta kwa kamba toka kijitoni. Nikamkuta amesimama juu yake, bodi ya mbele amekwisha kuibonda, sasa anaitafuta injini.

"Mtumwa wangu," nikamwambia, "weka nyundo chini. Nyie Wangoni mnapenda kupiga wasiojibu."

"Sina utani leo."

"Utani hauna likizo. Ulitaka likizo, ungeoa kwenu."

"Mzee, nitakupiga wewe."

"Nipige. Lakini Zaituni atapelekwa na nini? Mgongo wako?"

Zaituni ni mjukuu wangu, namwita mke wangu kama babu yeyote. Tumbo lake liko mwezi wa nane, na kijito kinazidi kujaa. Zuberi anajua. Akaitupa nyundo, maji yanamtiririka kidevuni.

"Geuza mwenyewe hiyo pua," akasema. "Mimi siigusi."

Basi nimeigeuza mwenyewe, mimi ambaye ufundi wangu ni jembe. Yeye amekaa kizingitini ananielekeza kwa matusi. Bomba sasa linatoka ubavuni, linapanda juu kupita kichwa cha dereva, huko joto la injini halifiki, wala maji. Kifumbu kimekaa kileleni kama kofia, kimeinamishwa mvua isiingie. Nikafungua plagi ili maji yaliyomo yatoke, nikapiga kiki, yakaruka yakanilowesha kifua. Nikapangusa, nikafunga, nikapiga tena.

Ikawaka.

Mara ya pili tu ikawaka, bila kukohoa. Ile iliyogoma Alhamisi.

Zuberi alisikiliza mlio ule kama anayeitwa jina lake. Akasema, "Zima." Nikazima.

Aliponisindikiza aliniambia, "Siku ya mjukuu wako, usije kuniita. Kijito kile sikivuki tena na mtoto wa mtu nyuma yangu." Mkwewe, ambaye naye alijua kukiendesha, keshabeba mkeka wake karudi kwao. Hapa kijijini hakuna mwingine aliyewahi kushika usukani wa kitu chochote.

Jioni Zaituni alikuja kukitazama, mkono kiunoni.

"Babu, mimi nitapanda hicho?"

"Wewe? Kwa matako hayo kamba zitakatika."

Akacheka, akanipiga kibao cha mgongo, akaenda zake anatembea kama bata. Nilimtazama mpaka akaingia ndani.

Mimi sijui kuendesha. Hata baiskeli naiburuta.

Kesho nitakwenda kwa Zuberi mapema, kabla hajaokota nyundo, nimwambie anifundishe. Atakataa. Nitakaa kizingitini kwake, nitamwita mtumwa, nitamtukania ukoo wake wote, mpaka anyanyuke. Na asiponyanyuka?