Jiwe la Marehemu Baba Yako

Mama Ayuma,

Mimi ni mzima, nakula vizuri, na nyumba yangu ya hapa mtaa wa Umoja haijaniangukia kama ulivyoniombea. Mwandiko ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu.

Ayuma amefika. Anasema unalijengea kaburi la baba yako huko Kakamega, na unataka lile jiwe lake uliweke juu. Basi tukumbushane hilo jiwe.

Ulikuja nalo ulipoolewa, limefungwa kwa leso. Rangi ya kutu, ngozi imeliwa na mvua, zito kuliko ukubwa wake. Mzee alilitoa mtoni akakuambia ndani kuna dhahabu. Kila Jumapili ulilipaka mafuta ya kupikia kama mtoto mchanga. Mimi nilikutazama tu. Ulikuwa mrembo, hilo sikatai.

Lakini siku ile ukawaambia kina mama wa chama chenu cha akiba, mimi nimekaa hapo hapo, eti bwana yako ana mshahara tu, mali uliachiwa na baba yako. Mimi, niliyeyeyusha chuma viwandani mpaka injinia akawa ananiuliza kama kimeiva.

Nikaleta nyundo. Ukasema, "Baba Ayuma, tafadhali, si mbele ya wageni." Nikasema hapa hapa. Dhahabu ukiigonga inalala, inakuwa bapa. Ya kwenu ilimeta kidogo, nikagonga tena, ikawa vipande na unga mweusi, na nyumba nzima ikanuka kiberiti. Yule mama wa mtaa wa Tena akasema, "Dada, hii mali yako imeoza." Walicheka mpaka chai ikamwagika. Wewe umepiga magoti, unaokota vipande unatia kwa leso. Nilicheka kuwashinda wote, na nikikumbuka bado nacheka.

Uliponiacha ukarudi kwenu, uliitafuta hiyo leso nyumba nzima. Nilikuwa nimeikalia.

Sasa sikia. Nilipoongeza chumba cha kupangisha, vile vipande nilivimwaga pamoja na kokoto za sakafu. Mpangaji ameweka jiko hapo juu, anapika ugali wake bila neno.

Kwa hivyo usinitumie mtoto tena. Nenda mtoni, okota jiwe lolote, uliweke kaburini. Baba yako hakujua tofauti akiwa hai.

Ni mimi, mwenye nyumba,
Baba Ayuma