Sanduku la Maoni Lililojifuta

Jumatatu, 16 Juni 2025

Hili sijawahi kumwambia mtu: sanduku la maoni la shule sikulitengenezea wengine. Nililitengeneza ili nipate pa kusemea mimi, bila kusikia sauti yangu. Mwalimu Bichage wa kompyuta anadhani ni bidii. Leo mbele ya Form Three nzima akasema siongei, lakini mashine yangu itaongea. Wakapiga makofi. Nikatazama viatu.

Ni ukurasa tu kwenye kompyuta za maabara. Unaandika bila jina, unabonyeza Tuma, na programu niliyoandika kwa lugha ya PHP inaweka maneno yako kwenye faili moja, maoni.txt. Wiki iliyopita wasichana walipanga foleni. Kesho nalifungua.

Jumanne, 17 Juni

Mstari mmoja! "Chai iongezwe maziwa." Basi. Foleni yote ile?

Nikamuuliza Nasteha, jirani yangu wa kitanda — baba yake anauza magodoro Migori mjini, na yeye haogopi mtu. Ati yeye peke yake ameandika mara mbili. "Niliwatukana kuhusu githeri, mahindi tele, maharagwe hakuna, dadangu. Kwani umekula maneno yangu?"

Saa ya michezo nikarudi maabara. Nikaona. Amri ya kufungua faili, fopen, jina la faili, halafu herufi "w". Nilipaswa kuweka "a". Ukiweka "a", PHP inaongezea chini ya yaliyopo. Ukiweka "w", inafuta kwanza kila kilichomo, ndipo iandike. Kila aliyebonyeza Tuma alimfuta aliyemtangulia. Nakala hakuna. Mimi nilijaribu kwa ujumbe mmoja tu, nikauona umeingia, nikaridhika!

Nimebadilisha. Mwalimu Bichage sijamwambia.

Jumatano, 18 Juni

Leo mistari mingi. Githeri, maji, githeri. Halafu huu, naunakili kama ulivyo:

"Hii ni mara ya tatu naandika. Tunafungiwa bwenini kwa nje kila usiku kama ng'ombe. Mara ya kwanza niliomba. Mara ya pili niliwaambia siku na mahali. Mmenyamaza. Sawa."

Siku gani? Mahali gani? Aliandika, mimi nikafuta.

Nasteha alikuwa anasoma begani kwangu. Akaacha kutafuna. "Mahali pa nini?" akauliza, lakini alijua. Kuna shule upande wa Lambwe ambayo bweni lake bado halina paa tangu wanafunzi walichome moto.

Alhamisi, 19 Juni

Mwalimu Bichage yuko semina Migori hadi Jumatatu. Nikaenda kwa Matroni Phelesia, msimamizi wa bweni letu. Nilikuwa nimekariri sentensi zangu, kuhusu ujumbe ule na sheria inayokataza bweni kufungwa kwa nje, zikatoka nusu. Akacheka. "Nyathina, mtoto wangu, kumbe una mdomo!" Kila muhula, akasema, kuna mmoja wa kutisha wenzake, zamani kwa karatasi, sasa kwa kompyuta. Muhula uliopita aliacha mlango bila kufuli, wasichana wakatoroka kwenda disko matanga, ile ngoma ya usiku kwenye msiba, na yeye nusura afutwe kazi. "Watoto wangu watakula nini? Watakula hiyo sheria yako?"

Nikarudi maabara. Nikatengeneza faili ya pili, jibu.txt, na ukurasa sasa unaisoma na kuionyesha juu ya sanduku. Nikaandika: "Hatukunyamaza. Nilikosea mimi, maneno yako yakafutika kabla ya kusomwa. Tafadhali niambie tena. Ni lini?"

Ijumaa, 20 Juni

Nimepata jibu baada ya chakula cha mchana. Mstari wa mwisho kabisa.

"Asante kwa kunijibu. Wewe ni wa kwanza. Leo usilale karibu na stoo ya magodoro."

Stoo iko kando ya mlango wa bweni. Mlango wenyewe ni mmoja, na madirisha yana vyuma.

Nikauchapisha kwenye karatasi, nikakimbia ofisini. Mwalimu Mkuu yuko mkutanoni Homa Bay. Karani akasema niache mezani. Nikampelekea matroni. Safari hii hakucheka. Alisoma midomo ikichezacheza, akakunja karatasi, akaitia kifuani. Atamwambia Mwalimu Mkuu akirudi. Nisiseme kwa mtu, nitazua fujo. Nikamuuliza kuhusu mlango. "Utafungwa. Leo ndiyo utafungwa kabisa!"

Nilichofanya ni hiki. Wakati wa chakula cha jioni kufuli huachwa likining'inia mlangoni, wazi. Nikalitoa, nikalivingirisha kwenye sweta, nikalitupa kwenye choo cha shimo. Nikarudi mezani, nikamaliza ugali.

Sasa tuko bwenini. Matroni ametafuta hadi chini ya vitanda, akiuliza nani mwizi. Ameenda nyumbani kwake kuleta kufuli lingine. Mlango wa stoo uko wazi kidogo, na si mimi niliyeufungua.

Nimevaa viatu. Nasteha anafunga vyake. Naanza kuwatoa nje wa vitanda vya kando ya stoo.