Shangazi, Sitanyamaza Juu ya Tuliyoyaona Gulioni

Shangazi yangu mpendwa,

Mwaka wa tatu sasa tangu tukuzike kwenye migomba ya babu, na nakuandikia kwa sababu wameanza tena kuniambia ninyamaze.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka gulioni siku ile, nina miaka kumi na tano, kikapu sijui nimekitupa wapi. Walikuwa wamemkamata kijana mmoja wakisema kaiba mbuzi. Walimpiga mpaka akatulia. Waliompiga hawakuwa wageni, Shangazi. Walikuwa baba za wenzangu.

Tangu hapo, mtu akipaza sauti tu, hata kama anaita ng'ombe, mimi naingia uvunguni. Nikaacha kula, nikaacha shule. Wengine walisema nina mapepo, baba akasema najidekeza. Wewe ukanishika mkono tushuke Moshi, hospitalini. Baba alipokuzuia mlangoni, ulimwambia, "Kaka, huyu hadeki. Ameona mtu akiuawa na watu anaowapa shikamoo. Hebu nipishe."

Tulikwenda wiki baada ya wiki. Muuguzi mmoja wa pale ndiye mtu wa kwanza kuniuliza niliona nini. Muhula uliofuata nikarudi darasani. Hofu haikuisha yote. Mpaka leo gulioni moyo hunienda mbio. Lakini napita.

Sasa sikia. Mwezi uliopita wamempiga mwingine palepale gulioni, mabinti wa kidato cha pili wakishuhudia walipokuwa wanatoka shule. Wanafunzi wangu hao. Mmoja hasemi kabisa, mwingine anajikwaruza mikono mpaka damu. Kila Jumamosi wanakuja kwangu, tunaongea, au tunakaa tu na chai. Mwenyekiti wa kijiji akanifuata.

"Mwalimu, unawatia watoto hofu. Unatuchafulia jina."

"Shikamoo, mzee," nikamjibu. "Hofu wametiwa na waliopiga. Na wewe ulikuwepo."

Akageuka, akaenda zake.

Wenzao wawili, pamoja na mama zao, wamekubali kwenda polisi kueleza walichokiona. Hakuna aliyewalazimisha. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nikikaa nalo litaniua." Mwenyekiti ameapa kwamba nitahamishwa. Ahangaike. Naogopa, sikufichi, ila nimeshawaambia Jumatatu nawasindikiza, na majina ya niliowaona siku ile nitayataja mimi wa kwanza, hata yale ya ukoo wetu.

Pumzika, Shangazi. Huku niachie mimi.

Binti wa kaka yako