Ndege ya Vilém Huanguka kwa Sababu Yangu

Mpendwa Bi. Drahomíra, nimechoka na siri hii, nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mimi ni dereva mstaafu wa tramu hapa Plzeň, nina miaka sitini na sita, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana mimi na wazee wenzangu saba hukutana kwenye kompyuta, kila mtu nyumbani kwake, tukirusha ndege za vita za zamani na kupigana na wazee wa mji wa Brno, na mchezo huu usiudharau, maana ndege zake hufuata mambo yote ya ndege halisi, hata lile gurudumu dogo la kusawazisha pua, ambalo ukilizungusha nyuma pua huinuka na ukilizungusha mbele hushuka. Vilém alijiunga nasi miezi mitatu baada ya kumzika mkewe Jarmila, na kiongozi wetu Oldřich akanikabidhi nimfundishe kupaa, nami nikamwambia alizungushe nyuma kabisa, kama nilivyozoea mwenyewe, kumbe hivyo ni kwa kutua, na kwa kupaa unalirudisha karibu na katikati, la sivyo ndege inainua pua kabla haijapata mwendo, inalala ubavu na kuanguka, na fimbo ya mezani tunayorushia haikupi uzito wowote mkononi wa kukuonya.

Wiki ya tatu ya kumfundisha nilisahau kulizungusha gurudumu langu, ndege ikapaa vizuri ajabu, ndipo nikajua kosa langu la miaka miwili, na sikumwambia. Nilitaka kumwambia, Bi. Drahomíra, lakini miaka yote hiyo mkulima wa kikosi, yaani wa kuchimba ardhi kwa pua ya ndege, nilikuwa mimi, na siku hiyo Oldřich alipiga kelele, "Mzee Vilém, unalima tena! Viazi tunapanda lini?" wote wakaangua kicheko, nami kwa mara ya kwanza nilikuwa nacheka pamoja nao.

Jumapili iliyopita alianguka mara nne, akasema taratibu, "Samahani, mwalimu wangu. Umejitahidi, ni kichwa changu kimezeeka." Jana binti yake Alena alinipigia. "Mjomba, baba anauza fimbo, mnunuzi anakuja Jumamosi. Tangu mama afariki, Jumapili ndiyo siku pekee anayonyoa ndevu." Nikisema nitaumbuka, nikinyamaza fimbo inauzwa. Nifanyeje?

Mwalimu Mbaya, Plzeň

*

Mwalimu Mbaya,

Jina umejipa mwenyewe, sitakubishia.

Mwaka wa kumi na tisa huu najibu barua, na nimechoka na wanaume wanaoogopa kuchekwa kuliko wanavyoogopa dhambi. Kumfundisha vibaya sikulaumu, hukujua. Lakini ulipojua ulijitia hamnazo, ukamwacha mfiwa alaumu kichwa chake, na bado anakuita mwalimu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Pole yangu ni ndogo: kuchekwa kila Jumapili kunachosha, najua, na ndiyo maana wewe ulipaswa kuwa wa kwanza kumhurumia.

Sasa sikiliza. Usimpigie simu, nenda. Usibebe keki ukajificha nyuma yake. Mwambie yote kabla hajawasha kompyuta, ili akipaa ajue kichwa chake ni kizima. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, ana haki. Na Jumapili rudia maneno hayo hayo mbele ya Oldřich na wenzake, kwa sababu alichekwa mbele ya wote. Watakuita mkulima tena. Uliitwa hivyo miaka miwili, na hukufa.

Barua yako nimeichapa kama ulivyoiandika, majina na yote, na gazeti hili hufika vibandani Ijumaa alfajiri. Kama umefika mstari huu na bado hujavaa viatu, vivae. Vilém naye huenda ameshaufungua ukurasa huu.