Chuma Chini ya Kitanda

Muji ya Baraka, siku ya tatu toka chuma kivunjike

Na tena yule mama alinishukuru! Ni hiyo inanizuia kulala.

Kile chuma kirefu chenye kinapeleka nguvu ya motere ku magurudumu ya mbele kiko hapa, chini ya kitanda yangu. Kilivunjika, nikakitoa mi mwenyewe. Kingine hakijafika toka Uvira. Levye yake, ule mukono ya kuingiza magurudumu ya mbele, ilibaki mu jeep yangu. Ukiivuta inalia klak, lakini magurudumu ya mbele yanabebwa tu, kama abiria.

Sikuambia mutu. Batu banapanda banasema, "Hii iko quatre-quatre, inavuta na magurudumu yote ine, itapita."

Leo, mu mupando ya kwenda Fizi, tulikwama. Magurudumu ya nyuma yakazunguka bure, yakachimba matope. Mama Riziki, mwenye nilikuwa napeleka ku hospitali na tumbo ya miezi tisa, akaniambia polepole: "Papa shofere, weka basi na magurudumu ya mbele."

Nikavuta levye, macho yake ku mukono yangu. Klak.

Abiria bengine bakasukuma jeep mpaka ikatoka. Yeye akashuka, akapanda mulima kwa miguu, mukono ku mugongo, anasimama, anapumua, anaendelea. Kule juu akanishika bega: "Aksanti, papa. Bila quatre-quatre yako ningezalia mu njia."

Nikamujibu, "Tushukuru Mungu." Kinywa yangu hii!

Sasa infirmier, yule muuguzi ya hapa Baraka, amenitumia ujumbe. Kesho kuna mama mwengine, hali yake iko mbaya kuliko ya Riziki. Anataka jeep yangu, haiko ingine. Mvula inapiga ku mabati.

Nimemujibu: "Iko tayari."